Kikopo Kilichooshwa Mno

Mimi nikiosha kitu, kimeoshwa. Hakuna nguo wala chombo kilichowahi kupita mikononi mwangu kikarudi na lawama. Muulize mtu yeyote mtaani kwetu.

Sisi ni familia ya madobi. Mama hufua, Baba hupiga pasi, na mimi husuuza, huanika na kutoa maoni. Dada yangu hupeleka nguo kwa wateja. Mwanawe mchanga tunamwita Bwana Kapu. Analala ndani ya kapu la nguo safi, kana kwamba naye anasubiri kunyooshwa.

Nyumbani kwetu kuna sheria moja. Chombo kikitoka nje, lazima kipitie kwenye jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Bakuli la jirani, ndoo ya kuazima, vyote humo.

"Uchafu wa watu hauonekani," Mama husema. "Na usiouona ndio unaokula."

Basi, Baba akaanza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni mvuke wa pasi. Wiki zikapita. Suruali ikampwaya. Shuka lake likawa linalowa jasho kila asubuhi, nami ndiye niliyelianika. Lililomuuma zaidi ni mjukuu. Hakumbeba tena. Alimtazama kutoka upande wa pili wa meza ya pasi, kama mtu anayetazama duka lililofungwa.

Mwishowe Mama alimpeleka zahanati. Walirudi na kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko. Baba alitakiwa atie makohozi humo asubuhi, kisha akirudishe.

"Kikopo hiki kimeshikwa na watu wangapi?" nikauliza.

"Ndiyo hapo," Mama akasema.

"Watakuta vijidudu vya watu wengine waseme ni vya Baba. Nipe mimi."

Nikakitia jiki. Nikakisugua kwa kidole mpaka kwenye pembe za chini. Kiling'aa hata ungeweza kuchania nywele mbele yake. Sikukisuuza sana, nikasema acha dawa ikae ifanye kazi. Asubuhi Baba akatia alichotia, dada akakipeleka.

Jibu likaja: batili. Mashine imeshindwa kusoma.

Baba alifurahi. "Mashine nzima imetafuta ikakosa. Basi sina kitu. Sirudi tena huko."

"Baba, batili siyo kwamba huna kitu," dada akasema.

"Umekuwa daktari lini?"

"Mimi ni mpeleka mashuka tu. Lakini nikibisha hodi kwa mteja nisifunguliwe, siwezi kusema amehama."

Baba alikohoa akielekea ukutani, na Mama akalisogeza kapu la mtoto mpaka mlangoni.

Tuna mteja mmoja tunayemwita Bi Makoti. Kazi yake ni maabara, pale pale zahanati. Huleta makoti meupe yakiwa yameshapitishwa kwenye mvuke wa kuua vijidudu, sisi tunayafua na kuyanyoosha. Siku hiyo alikuja, akasikia kikohozi, akasikia na habari ya batili.

"Kikopo mlikifanya nini?" akauliza.

"Hatukukifanya kitu," nikasema. "Tulikiosha tu."

"Kwa maji?"

"Kwa jiki."

Alinitazama jinsi Mama anavyotazama shati jeupe lililofuliwa na soksi nyekundu.

"Mdogo wangu," akasema, "kikopo kile kilikuwa safi kuliko mikono yako. Ulichokiosha ni ushahidi."

"Ushahidi gani? Vijidudu vikifa si vizuri?"

"Mashine yetu haitafuti kijidudu kinachotembea. Inatafuta DNA yake, yaani vinasaba. Ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila kiumbe. Na jiki inayakatakata hayo."

Nikakohoa kidogo, kikohozi cha heshima. Nilisoma mambo hayo sekondari. A na T, G na C, niliyakariri kama wimbo wa mchakamchaka, nikapasi mtihani, nikayasahau.

"DNA ni ya kutafutia baba wa mtoto," nikasema.

"Basi ya kwako imekaa bure siku zote? Mna kitunguu? Na spiriti?"

Spiriti tunayo, ni ya kutoa madoa ya wino. Akaniambia niiweke kwenye barafu. Akakikatakata kitunguu, akakiponda. Akatia maji ya vuguvugu, chumvi na sabuni ya maji, akakoroga polepole ili povu lisipande. Kisha akachuja kwa kitambaa safi ndani ya glasi.

"Sabuni ya nini?" Baba akauliza.

"Ninyi ndio madobi. Sabuni inafanya nini kwenye mafuta?"

"Inayakata," Mama akasema.

"Kila kiumbe kimejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Tunaviita seli. Kuta zake zina mafuta. Sabuni imezivunja. Kilichokuwa ndani sasa kimo kwenye maji haya. Chumvi itakisaidia kijikusanye."

Akaiinamisha glasi, akamimina spiriti baridi taratibu ubavuni. Ikaelea juu ya maji kama kioo juu ya meza.

Hapakuwa na kitu. Kisha pakawa na wingu dogo. Kisha kutoka kwenye maji ya kitunguu, nyuzi nyeupe zikaanza kupanda. Hakuna aliyezivuta. Zilipanda zenyewe, nyembamba, zikishikana, zikielea kama pazia kwenye nyumba isiyo na upepo.

Mama ameshika nyuzi maisha yake yote. Ya pamba, ya sufu, ya hariri. Alivuta kigoda akakaa.

"Ni uzi," akasema kwa sauti ndogo.

"Ni nyuzi nyingi mno zilizoshikana pamoja," Bi Makoti akasema. "Uzi mmoja peke yake huwezi kuuona. Humo ndimo kitunguu kinaambiwa: ota, fanya maganda, walize watu."

"Na mimi ninazo?" Baba akauliza.

"Katika karibu kila seli yako. Nyuzi za seli moja ya mtu, ukiziunganisha na kuzinyoosha, zinamzidi mtu huyo urefu."

Mama akatazama marundo ya nguo mezani. Yeye hukunja tangu asubuhi hadi jioni. "Nani anazikunja zikaenea humo?"

"Seli yenyewe. Inazizungushia kwenye vijigurudumu vya protini, mzunguko juu ya mzunguko."

"Bila mkunjo kukosewa?"

"Mara chache sana."

Mama akatikisa kichwa. Hata mimi sikutoa maoni, na hilo ni jambo la kuandikwa.

Bi Makoti akachukua jaketi la mteja kwenye kamba, akafunga zipu yake. "Sasa tazameni. DNA ni kama zipu hii iliyosokotwa. Pande mbili, meno katikati. Meno yake ni ya aina nne. A hushikana na T. G hushikana na C. Hawabadilishani wachumba."

Akafungua zipu mpaka chini. "Seli ikitaka kugawanyika, kwanza zipu inafunguka. Ukiwa na upande mmoja tu, unaweza kujua upande wa pili ulikuwaje?"

Dada ndiye aliyejibu. "Ndiyo. Penye A unaweka T. Penye G unaweka C."

"Basi kila upande unajengewa mwenzake mpya. Ilikuwa zipu moja, sasa ziko mbili, zinafanana. Ndivyo ulivyokua kutoka seli moja tumboni mwa mama yako."

Nilikuwa nimeyakariri maneno hayo. Sikuwahi kujua kwamba yananihusu mimi. Niliutazama mkono wangu ulioshika kibanio cha nguo, nikawaza kwamba zipu zinafunguka na kufungwa humo ndani, na mimi sisikii hata mlio.

"Na mashine?" Baba akauliza. Alikuwa amesogea.

"Mashine inaiga kazi hiyo hiyo. Inatia joto, zipu zinafunguka. Inapunguza joto. Tumeweka humo vipande vifupi vinavyonata kwenye DNA ya kijidudu cha kifua kikuu tu, si ya mtu, si ya kitunguu. Vikinata, nakala inajengwa. Joto tena. Mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, nane kumi na sita. Inarudia na kurudia, mpaka kile kidogo kisichoonekana kinakuwa mamilioni, na kinatoa mwanga ambao mashine inauona."

Nikanyoosha mkono nichukue chupa ya jiki, nione nyuzi za kitunguu zitafanya nini. Bi Makoti alinidaka mkono.

"Usithubutu. Jiki na spiriti havichanganywi, vinatoa mvuke wa sumu. Wewe huna haja ya kujaribu, ulishajaribu kwenye kikopo."

Baba alikuwa bado anaitazama zipu ya jaketi. "Hiki kilichomo kifuani mwangu, kama kimo, nacho kinafungua zipu?"

"Kinafungua, kaka. Kinanakili, kinagawanyika. Wakati tunazungumza hapa, kinafanya kazi. Na ukikohoa, kinatafuta kifua kingine."

Baba akageuka akalitazama kapu kule mlangoni. Mkono mmoja mdogo ulikuwa umejitokeza nje ya nguo.

"Nipe kikopo kingine," akasema.

Kesho yake asubuhi alisukutua kwa maji matupu. Alitoka uani, mahali pa wazi, mbali na watu. Akavuta pumzi ndefu, akakohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Bi Makoti alisema makohozi mazito ndiyo yanayotakiwa, mate hayasaidii. Akafunga kifuniko, akanawa mikono. Mimi nilikatazwa kukisogelea.

Nilimsindikiza zahanati. Bi Makoti aliniruhusu nisimame ukumbini, nitazame kupitia dirisha la kioo. Mashine yenyewe ni sanduku la kijivu tu, hata halitishi. Kwa zaidi ya saa nzima mstari wa kuonyesha ule mwanga kwenye skrini ulilala chini kama kamba isiyo na nguo. Kisha ukanyanyuka. Ukapinda, ukapanda juu. Nikasogeza pua mpaka ikagusa kioo. Kijidudu ambacho sijawahi kukiona kilikuwa kinajitaja chenyewe mbele yangu.

Bi Makoti alitoka na jibu. Kifua kikuu kimeonekana. Na DNA yake haikuonyesha usugu kwa dawa kuu, kwa hiyo dawa za kawaida zingekiua. Mimi nilitikisa kichwa tu, kama mtaalamu.

"Basi amejulikana," Baba akasema. "Mwizi akishajulikana, amekwisha."

Alianza dawa siku hiyo, za miezi sita, bila kuruka hata siku moja. Sisi sote tulipimwa. Bwana Kapu hakuwa na ugonjwa, akapewa dawa ya kumkinga. Madirisha yetu sasa hushinda wazi. Suruali ya Baba ilianza kumkaa, na daktari aliposema hawezi tena kuambukiza, alimnyanyua mjukuu kutoka kapuni kabla hajavua viatu.

Juzi jirani yetu fundi viatu alikuja na kikopo mkononi. Amekohoa wiki tatu.

"Nisaidie kukiosha," akasema. "Nasikia ninyi ndio wenyewe."

"Usikiguse ndani, mzee," nikamwambia. "Wala maji usitie." Nikaanza kumweleza habari za zipu, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. "Mimi nilisimama pale dirishani, mstari ukapanda, jibu likatoka. Wengine wangepagawa. Mimi nilitulia tu."

"Ulitulia?" Sauti ilitoka nyuma ya mashuka kwenye kamba. Bi Makoti akatokeza, koti mkononi. "Mzee, muulize kuhusu kioo changu."

"Kioo gani?" nikasema.

"Kile ulichokibusu niliposema dawa zitafanya kazi. Ulilia, ukakibusu, ukakikumbatia na dirisha lake. Alama ya midomo ilibaki kama muhuri. Nilikipangusa mwenyewe. Ningejua utakana, ningechukua pamba kwanza, mate yako yakatoe ushahidi maabara."

Baba aliweka pasi pembeni. Alicheka mpaka akashika meza, na hakukohoa hata mara moja.

Fundi viatu alinitazama kwa makini. "Alikibusu mara ngapi?"

"Mara mbili," Bi Makoti akasema. "Ya pili alifumba macho."

Nikavuta shuka lililokuwa karibu, nikaanza kulikunja. Lilikuwa bado limelowa.