Sababu ya Fundi Saa

Chumba cha kusubiria cha daktari wa meno kilikuwa kimejaa pomoni, na wote waliokuwamo walikuwa wakimtukana Mwandishi bila kumjua.

"Aliyeandika tamthilia hii hana akili timamu!" alifoka mama mmoja, barafu shavuni, macho kwenye televisheni ya ukutani. "Jasusi mzima, anawindwa kila kona, anarudi nyumbani kuchukua picha ya mkewe! Nani anafanya hivyo?"

Mwandishi alijikunyata ndani ya gauni lake la bluu, shavu limemvimba kama puto. Alikuwa ameapa kunyamaza. Lakini mlango ukafunguka, akatoka daktari mwenyewe, mrefu, koti jeupe limepigwa pasi, barakoa imening'inia kidevuni. Akaitazama televisheni, akatikisa kichwa.

"Mama yuko sahihi. Yule hana sababu ya kurudi."

"Anayo!" Mwandishi alijikuta amesimama. "Ndiyo picha pekee iliyobaki!"

Watu wote wakageuka. Daktari akatabasamu. "Wewe ndiye unayefuata? Karibu ndani tubishane."

Ubishi gani huo, jamani! Alimlaza kitini, akamjaza pamba na vyuma mdomoni, kisha akaichambua tamthilia yake tangu mwanzo, na mwenzake hana hata ulimi wa kujitetea. Mwandishi aliinua kidole. Akaguna. Akapiga mguu.

"Unakubali?"

"Ng'oo!"

"Nimesikia umekubali."

Jino lilipotoka, Mwandishi alitema pamba, akasema kwa mdomo uliokufa ganzi, mate yakimchuruzika: "Mimi ndiye niliyeiandika."

Daktari aliduwaa, koleo mkononi. Halafu akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mapenzi yao yakaanza hivyo, kwa mabishano. Walibishana wakila, walibishana wakitembea, walibishana kama mlinzi mwenye akili anaweza kuacha lango wazi kwa ajili ya kikombe cha chai. Daktari alikuwa na kasoro moja tu: hakupokea simu. Unapiga, inaita mpaka inachoka, kisha baadaye anakupigia yeye.

"Wewe una mke mafichoni," Mwandishi alimtania. "Unajificha kuliko majasusi wangu."

"Mke gani atavumilia mume anayenuka dawa ya ganzi, laazizi? Nimekupata wewe tu."

Jumapili moja mchana, wamekaa sofani, Daktari akamwambia ukweli. "Mama alipolazwa hospitali, dada yangu alinipigia. Nikaitazama simu inaita, nikajua ni habari ya kifo. Nikajiambia, nisipopokea, mama bado yu hai. Ikaita, ikaita. Kumbe alikuwa hai kweli. Alitaka tu kusikia sauti yangu kabla hajafa."

Mwandishi alimshika mkono, asiseme neno. Laiti angeendelea kunyamaza!

Kazini kwa Mwandishi walikuwa na desturi moja: mhusika hatendi jambo lolote mpaka mtu ajibu "kwa nini?" mbele ya wote. Wiki ile walikuwa wamekwama kwa Fundi Saa, jasusi ambaye hakupokea simu ya tahadhari, wenzake wakakamatwa.

"Kwa nini hapokei?" Prodyuza aligonga meza. "Kwa nini?"

Mdomo wa Mwandishi ukajifungukia wenyewe: "Kwa sababu ya mama yake."

Jioni sehemu hiyo iliporushwa, simu ilimjia kutoka kliniki. Nyuma yake alisikia wagonjwa wakipiga kelele: "Mwana laana huyo! Auawe!"

"Umeniuza," alisema Daktari.

"Mpenzi, nisikilize. Nilikuwa na sababu..."

"Kila msaliti anayo. Wewe ndiye uliyenifundisha." Akakata.

Mwandishi alipiga, akapiga tena. Wapi! Na huko kazini mambo yakazidi kuharibika. Watazamaji walikuwa wamemchukia Fundi Saa, na Prodyuza akaamua apigwe risasi hadharani. Mwandishi akasema hapana.

"Una mpaka kesho," Prodyuza alimwambia. "Afe yeye, au utoke wewe."

Hakulia. Alivaa gauni lile lile la bluu, akapaka midomo rangi nyekundu, akaenda kupanga foleni na wenye meno mabovu. Zamu yake ilipofika akapanda kitini.

"Fungua mdomo," alisema Daktari bila kumtazama.

"Ndicho nilichokuja kufanya. Nilichukua lililo lako bila kukuomba. Hilo ni kosa, nisamehe. Lakini sitaomba radhi kwa kumwelewa yule mtu. Wanataka auawe kama mbwa, watu washangilie, nami simuui ng'o! Hakumwacha mama yake kwa kutompenda. Aliogopa kumpoteza. Huo ni woga, si usaliti, na kesho nitawaambia hivyo machoni mwao. Nikitoka huko nitakupigia. Upokee, usipokee, hiari yako. Mimi nitapiga."

Daktari alimpa mgongo, akawa anapanga vyuma vyake ambavyo vilikwisha pangwa. "Nina wagonjwa," alisema.

Kesho yake Prodyuza alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu sikioni. "Maneno matamu," akasema. "Lakini mtu wa aina ile habadiliki. Aliyeogopa jana ataogopa na leo. Ndiyo mantiki ya hadithi."

"Anabadilika."

Mwandishi mwenzake mmoja, mmbeya asiyepitwa na jambo, akadakia: "Si ni yule daktari wako? Mpigie basi! Weka spika tusikie sote. Akipokea, Fundi Saa anaishi."

Prodyuza akacheka. "Haya. Piga."

Simu ya Mwandishi ilikuwa pale mezani. Kidole kimoja tu, na pengine angeokoa kazi na Fundi Saa wake kwa pamoja.

"Thubutu!" akasema. "Nilishamleta humu mara moja bila ruhusa yake. Simleti tena. Huyo maiti wenu mwandikeni wenyewe."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Kwenye ngazi za nje ya jengo akampigia Daktari simu kama alivyoahidi. Hata haikumaliza kuita.

"Haloo." Sauti ilikuwa ikitetemeka. "Nipo, mpenzi. Nipo."

"Umepokea?"

"Nimepokea. Kuna mzee wa watu hapa ameachama, sema upesi. Habari ni mbaya, sivyo?"

"Mbaya. Sina kazi."

"Kwa nini?"

"Nimekataa kukuua."

Alisikia chuma kikiwekwa mezani, kisha pumzi ndefu.

"Ulijua ni habari mbaya," Mwandishi akauliza. "Mbona ulipokea?"

"Ili isikukute peke yako."

Mwandishi akaketi ngazini na gauni lake zuri, akalia kwa sauti, wapita njia wakimkodolea macho. Yule mzee alikuwa akiguna huko nyuma, mdomo wazi.

"Usikate," alisema Daktari.

"Sikati."