Sheria Iliyoshushwa Chini

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa mtandao, na hadi leo huyasimulia akiwa amesimama.

"Fundi, niwekee sheria za faiawoli kwenye jedwali, mkaguzi yuko njiani," bosi alimwambia.

Faiawoli ndiyo ngome ya mtandao. Skripti ya fundi, programu fupi aliyojiandikia, ikazitoa sheria zote chapuchapu. Lakini jamaa anapenda unadhifu kupita kiasi: akazipanga kwa alfabeti, kisha akazirudisha kwenye mtambo. Hapo ndipo alipoharibu. Faiawoli husoma kuanzia juu na kutii sheria ya kwanza inayohusika, na sheria ya juu kabisa, iliyozuia intakomu, yaani simu ya ndani, ya ile stoo iliyozibwa kwa matofali, sasa ilikuwa chini kabisa, ambako haizuii kitu.

Chumba cha mitambo alimokuwa hakina dirisha. Taa ikapepesa, ikazima. Feni zikaendelea kuvuma gizani. Kisha intakomu ya ukutani ikakwaruza, na sauti ya upole ikasema, "Hodi."

Kwa mazoea tu, neno likamponyoka: "Karibu."

Intakomu ikanyamaza. Halafu, nyuma ya fundi, kiti kitupu kikalia polepole, kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia.