Karatasi Ndani ya Godoro

"Miezi miwili hajalipwa? Shoga, hayo kamwambie mtoto. Mumeo anakunywa, na wewe unamfichia."

Aliyesema hivyo ni msusi wa chumba cha mbele, kitana bado mkononi. Aliyeambiwa ni mke wa Fundi Godoro, na kosa lake ni kuja kuomba unga mara ya tatu wiki hiyo. Akajibu kwamba mumewe hajui hata harufu ya pombe. Msusi akamuuliza kama amewahi kumnusa vizuri. Wapangaji tuliokuwa uani tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nakiri mbele yenu, wasomaji.

Nyumba yetu ilipenda kucheka, lakini shida ile ilikuwa ya kweli. Fundi Godoro alikuwa mshonaji katika kiwanda cha magodoro, kisha akahamishiwa sehemu ya kufunga. Msimamizi wa sehemu ya zamani akafuta jina lake kwenye orodha ya mishahara. Yule wa sehemu mpya akadhani bado limo. Mtu akawa anatoka jasho kutwa nzima, na kwenye makaratasi hayupo! Alipouliza, karani alimwambia vitabu vinaonyesha aliacha kazi, amerudi juzi tu. Kama anabisha, alete ushahidi. Wenzake wakatazama chini, kila mmoja akihofia kibarua chake. Naye akanywea. Nyumbani alisema "watalipa" tu, basi. Mwenye nyumba akatoa siku: Ijumaa, kodi au vitu nje.

Alhamisi msusi alinunua godoro jipya. Alipochana nailoni, kikaratasi kikadondoka: mfungaji namba arobaini na moja, tarehe ya mwezi uliopita, na sahihi. Namba hiyo tuliijua sote. Imeandikwa mgongoni mwa koti la kazi la Fundi Godoro, linaloanikwa uani kila wiki mbele ya macho yetu.

Msusi alikiokota kikaratasi. Kisha akaenda kubisha hodi kwa mke wa Fundi Godoro.

"Shoga, nimekukosea. Kesho tunakwenda kiwandani wote watatu, mimi, wewe na mumeo."

Karani alikitazama kikaratasi, akasema kimoja hakitoshi.

"Basi fungua stoo," msusi akamwambia. "Tuchane nailoni moja moja. Mimi leo sina kichwa cha kusuka."

Meneja alisikia, akatoka. Yakachanwa magodoro matatu ya miezi ile miwili. Yote yalikuwa na arobaini na moja. Karani akaamriwa alipe mishahara yote palepale. Waliporudi mbio, kabati lilikuwa tayari uani na kitanda kimekwama mlangoni. Mwenye nyumba akapokea kodi yake, na wabebaji aliowaleta wakarudisha kitanda ndani.

Funzo

Ukihamishwa kazini, hakikisha na jina lako limehama, tena kwa maandishi. Ukinyimwa haki yako, hata kwa makosa, usikae kimya, na nyumbani eleza yote. Nasi majirani tuache kumhukumu mtu kwa sababu tu jiko lake halifuki moshi. Wiki nzima tuliifanya shida ya watu kuwa kichekesho, na ushahidi ulikuwa umeanikwa kwenye kamba yetu wenyewe.

Jioni ile msusi alipita mlango wa Fundi Godoro haraka haraka, kichwa chini. Mke akamwita.

"Unakimbilia wapi, shoga? Ingia tule. Leo unga ni wangu."