Mfalme Hatupwi

"Naweka na ufunguo wa duka!"

Jamani... duka lenyewe ni langu!

Mume wangu aliutupa ule ufunguo kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, juu ya rundo la vifungo vya mashati. Vifungo ndivyo tulivyochezea poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau, kila Jumamosi mchana: yeye, mdogo wake, fundi friji wa mlango wa pili, na mimi. Vyake vilikuwa vimeisha. Akaona aibu kukaa bure, akaweka duka la ushonaji la mkewe!

"Baba watoto, huo ufunguo wa nani?"

"Mimi ndiye kichwa cha nyumba!"

Kichwa cha kufugia nywele.

Sasa mnielewe. Kila mtu ana karata mbili mkononi, tano zitafunuliwa mezani baadaye. Yeye alikaa kiti cha kusema kwanza. Anayesema kwanza hajui wanaomfuata wameshika nini, kwa hiyo karata dhaifu anazitupa, anangoja zamu nyingine. Na aliyetufundisha hayo ni yeye mwenyewe, kwa mikogo, miwani kwenye ncha ya pua!

Lakini akishika mfalme tu, akili inaruka. Mfalme na takataka yoyote, anaingia.

"Mfalme hatupwi!"

Ndio wimbo wake. Hata nyumbani, mwambie aoshe kikombe alichonywea, jibu ni hilohilo.

Fundi friji akatupa zake. "Mimi simo. Mambo ya familia hayo."

Mdogo wake akacheka. Lile duka kalitamani siku nyingi, aweke televisheni na michezo. Akaweka ufunguo wa pikipiki yake.

"Kaka, umekwisha. Shemeji, wewe tupa tu, ukapike."

Ukapike!

Nikachungulia karata zangu... A mbili!!! Na A humpiga hata mfalme.

Nikatazama kidole changu chenye pete. Nikaivua ile pete ya ndoa, nikaiweka juu ya vifungo.

"Mama watoto, unafanya nini?!"

"Nacheza."

Karata za mezani zikafunuliwa. Akatokea mfalme mmoja, mume wangu akaruka juu.

"Wafalme wawili! Si niliwaambia!"

Akafunua zake. Mfalme na saba.

Mfalme na saba, jamani, kwenye kiti cha kwanza! Cherehani zangu, nguo za wateja... kwa saba!

"Kaka, mimi pia nina mfalme," mdogo wake akasema taratibu. "Ila mwenzake ni kumi."

Mume wangu akakaa.

Nikalaza A zangu mbili. Shemeji akaacha kucheka.

"Mke wangu! Umetuokoa! Kumbe tuko timu moja!"

Tuko?

Nikachukua ufunguo wangu. Wa pikipiki nikamrudishia shemeji, sitaki kelele za mama mkwe. Pete nikaiacha palepale kwenye vifungo.

"Na pete je?"

"Hiyo ni karata dhaifu. Siku ya harusi nilisema 'ndiyo' wa kwanza, kabla sijaona umeshika nini."

"Lakini... mfalme hatupwi!"

"Leo katupwa. Toka, nafunga."

Dada zangu, ukiwa wa kwanza kusema, uwe umeshika kitu kizito. La sivyo tupa mapema, usione haya.

Anayemtaka mfalme amfuate kwa mama yake. Nasikia anaosha vikombe.