Jina la Nyumbani

Kila asubuhi Mwanasiti alipanga foleni ya maji bombani. Kambi yao ya wakimbizi ilikuwa Kenya, mbali na bahari. Akimwona mgeni aliyetoka Somalia, alimsogelea.

"Umepita Kismayo? Umemwona Rawda, binti Mbwana wa Chovai?"

Wageni walitikisa kichwa.

Rawda ni dada yake mkubwa. Vita vilipofika visiwani kwao, pwani ya Somalia, Mwanasiti alikuwa na miaka tisa. Alikimbia na shangazi yake. Mama na Rawda walibaki kisiwani Chovai, wakasema watafuata. Hawakufuata. Shangazi alifariki kambini. Mwanasiti akakua, akaolewa, akazaa. Hata hivyo, kila akipika maharage, alitamani samaki wa mama yake.

Mukhtar, mumewe, alimhurumia.

"Mama Nabil, miaka zaidi ya thelathini imepita. Tuwasomee hitima."

"Hitima husomewa waliokufa. Mimi sijui kama wangu wamekufa."

Jirani yao Shamsa aliyasikia hayo. Yeye hujitolea katika ofisi ya kutafuta ndugu waliopoteana.

"Dada, mbona huji ofisini kwetu? Hatutozi kitu."

"Nilikwenda zamani. Hawakumpata mtu."

"Ulijiandikisha kwa jina gani?"

Mwanasiti akatoa kadi yake ya chakula. Iliandikwa Muna Abdi. Karani aliandika jina aliloona linakaribia alilosikia, naye Mwanasiti wakati huo hakujua kusoma.

"Rawda akiulizwa habari za Muna Abdi, atakujua?"

"Hata! Yeye ananijua kwa Siti, Siti wa Mbwana Mzee."

"Basi andikisha hilo. Taja jina uliloitwa nyumbani, la baba na la babu. Taja kisiwa chenu, na mahali mlipoachana. Mtu hutafutwa kwa jina analojulikana nalo. Na hii kadi, tutaomba irekebishwe."

Kesho yake walikwenda. Shamsa aliuliza na kuandika. Walipofika kwenye jina la mama, sauti ya Mwanasiti ilikatika. Shamsa aliweka kalamu chini, akangoja.

Miezi mitano ikapita. Alhamisi moja Shamsa alikuja mbio.

"Dada, twende! Rawda yuko Kismayo. Anasubiri kwenye simu."

Mwanasiti aliishika simu kwa mikono miwili.

"Ndimi, Siti."

"Mchu wangu!" Rawda alilia kwa Kibajuni chao, yaani mtu wangu. "Mchu wangu, u hai!"

Walisalimiana, wakaanza tena kusalimiana. Kisha Mwanasiti akauliza, "Na mama?"

"Tulimzika Chovai, mwaka wa saba huu. Kila Idi alikutengea sahani yako. Hakukubali mtu aile."

Jioni ile Mukhtar aliwaita majirani, wakamsomea mama hitima. Mwanasiti alilia sana. Kurudi Chovai bado hakukuwezekana. Lakini sasa alimjua wa kumlilia, na wa kumpigia simu.