Disketi ya Masasi

Ilianza kwa jina moja kukosekana. Mwaka 1996, zahanati za watu binafsi zikiwa bado mpya Newala, Cecilia alikuwa karani wa Daktari Kulwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kutunza kwenye kompyuta orodha ya watoto wa kliniki. Kila Ijumaa alinakili orodha yote kwenye disketi mbili. Moja aliifungia kabatini. Ya pili ilipelekwa Masasi kwa Edmund, mwenye duka la dawa, ili hata zahanati ikiungua orodha isipotee.

Ijumaa moja kadi ya Justin, mtoto wa Dorika wa kijiji cha Mkunya, ilikuwepo mezani, lakini kwenye kompyuta hakuwemo. Cecilia akafungua disketi ya kabatini. Humo pia hakuwemo, na disketi ilinuka kama nywele zilizoungua. Akaliandika jina upya. Kesho yake halikuwepo. Jumatatu Justin, ambaye hakuwa akiumwa, alizikwa.

Mwezi uliofuata likatoweka jina la Siti. Siti naye akazikwa. Cecilia alimweleza daktari, daktari akamwambia apumzike.

Siku moja saa nne asubuhi umeme ulikatika. Cecilia alikuwa akikusanya kadi aliposikia kompyuta ikisaga, taratibu, kama mtu anayetafuna mifupa midogo, na alipogeuka akaona kioo kinawaka bila umeme, majina yanapanda moja baada ya jingine, na ile harufu ikajaa chumbani hadi machozi yakamtoka, na majina yakaendelea kupanda mpaka yakafika pale palipopaswa kuwa na jina la Careen, binti yake, na pale palikuwa patupu.

Nyumbani alimkuta Careen anatetemeka kwa homa.

Alimwacha kwa jirani, akapanda gari la kwanza kwenda Masasi. Edmund alikuwa ametunza disketi zote kwenye kopo la biskuti. Wakazijaribu kwenye kompyuta yake. Za karibuni zilikuwa zimeliwa kama ile ya kabatini, lakini ya chini kabisa, ya mwezi Juni, ilikuwa nzima, na Careen alikuwemo.

Jioni ileile, umeme ukiwa umerudi, aliingia zahanati na Mwalimu Mohamedi, mzee aliyejulikana kwa kutoa majini. Mzee alifukiza ubani, akasoma, jasho likimtiririka, huku Cecilia akirudisha orodha ya Juni.

"Kilichomo humu hakina jina," mzee alinong'ona. "Ndiyo maana kinakula majina ya wenzake."

Kompyuta ikanyamaza. Harufu ikaisha. Kabla jua halijazama Careen aliomba uji.

Siku tatu zilipita kwa amani. Ya nne, mchana, Dorika aliingia zahanati na kufunga mlango nyuma yake. Alikuwa amekonda, kanga yake ina matope.

"Mama Careen," alisema kwa sauti ya chini, "Justin amerudi."

Cecilia aliiweka chini kadi aliyoshika.

"Anakula, anacheza. Ila kichwani ana udongo. Nimemaliza ndoo mbili za maji, hautoki. Nimesikia umeyarudisha majina. Nakuomba, usimfute."

Cecilia akaitazama orodha. Ya Juni ilikuwa kamili: Justin yumo, Siti yumo. Alikuwa amewarudisha wote kwa mkono wake, bila kuwafikiria, akimtafuta wake mmoja.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza.

"Nje. Amemkuta binti yako anacheza."

Cecilia alikwenda dirishani. Uani watoto watatu walikuwa wameshikana mikono, wakizunguka bila kuimba, nyuso zao zimeinama, nywele zao zote zina udongo mwekundu, na kwa umbali ule hakuweza kusema yupi ni yupi.

Akaita, "Careen."

Wote watatu wakaitika.