Kaka, Umezima?

Haya yalimpata mshonaji mmoja tuliyekuwa tukipakana naye ukuta. Sehemu kubwa aliisema mwenyewe, ameinamia cherehani, bila kuinua macho. Mimi sikumdadisi. Kuna habari ukizidadisi sana, nazo zinajifunza njia ya kwako.

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote. Jua lilikuwa limetulia, redio za watu zilikuwa zikibishana, na harufu ya sabuni ya kunyolea ilitoka saluni ikafika hadi barabarani. Saluni ile ilikuwa ya shemeji yake, na sote tulimwita Kinyozi. Katika chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, alikuwemo mume wa mshonaji, fundi umeme aliyeitwa Nyaya, mdogo wake Kinyozi wa tumbo moja. Alikuwa akimalizia mashine yake.

Mashine hiyo aliijenga yeye na mkewe. Kwa asiyeijua, ni kompyuta iliyovuliwa nguo. Haina kasha, ni fremu tu ya vyuma, chini ubao mkuu, juu yake kadi za michoro zimesimamishwa kama vitabu kwenye rafu, na kila kadi ina feni zake. Kazi yake ni kupiga hesabu bila kulala, ichimbe sarafu za mtandaoni, zile pesa ambazo hujawahi kumwona mtu akizikunja mfukoni. Mume alifunga skrubu, mke akazifungasha nyaya kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye kushona. "Ndiyo mashine pekee duniani iliyovaa kitenge," Nyaya alikuwa akimtania.

Na ina joto! Ukifunua pazia ni kama umefunua chungu.

Nyaya hakuwa mwoga wa umeme, ila kulikuwa na waya mmoja aliouheshimu kama mkwe. Waya wa ardhi. "Huu haukatwi, hauungwi," alimfundisha mkewe. "Unalazwa mzima, kutoka kwenye fremu hadi udongoni. Chuma kikishika umeme, huu ndio unaotubebea kifo."

Mwanzoni Kinyozi aliicheka mashine. Alimpa mdogo wake chumba kama mtu anayempa mtoto kona ya kuchezea. Baadaye ikaanza kulipa, na kicheko kikamkauka. Nyaya aliposema anataka kuihamishia nyumbani kwake, kwa sababu joto linawakimbiza wateja, Kinyozi alimpiga begani. "Sawa, mdogo wangu. Cha mtu hakizuiliki." Alicheka kwa meno tu.

Asubuhi ile mshonaji alikuwa akimpelekea mumewe chai. Alipofika kwenye pazia alimsikia akiuliza, kama alivyouliza kila mara kabla ya kushika chuma:

"Kaka, umezima?"

"Nimezima," Kinyozi akajibu, mkono kwenye swichi kuu.

Kisha ukaja mlio, kama nguo mbichi ikipigwa juu ya jiwe. Alipofunua pazia, mumewe alikuwa bado amesimama. Ameishika fremu. Amemgeukia yeye, kinywa wazi, na hakuna sauti iliyotoka humo.

Watu walisema umeme hauna mwenyewe. Kinyozi alilia makaburini hadi akashikwa mikono. Matanga hayajapoa vizuri, mashine ikasikika tena inavuma nyuma ya pazia.

Mshonaji alikwenda kuomba vifaa vya marehemu.

"Vifaa chukua, shemeji," Kinyozi alimwambia, anamnyoa mteja. "Mashine iache. Hiyo ni ya familia."

Aliingia peke yake. Mfuko wa vifaa ulikuwa chini ya fremu. Akachuchumaa kuuvuta, na hapo ndipo macho yake yalipoangukia waya wa ardhi. Ulikuwa umekatwa. Umeungwa upya, ukaviringishwa utepe mweusi. Kando yake, waya wa moto, ule unaopitisha umeme, ulikuwa na kidonda chake, umechunwa ngozi kisha ukafungwa utepe uleule, sambamba na mguu wa fremu ambapo rangi ilikuwa imebabuka.

Akausogelea zaidi. Kwenye gundi ya utepe, pembeni, kulikuwa kumenasa nywele. Vipande vifupi vifupi. Vyeusi, vyenye mvi, vya kila aina ya kichwa.

Nyaya hakuwa akimnyoa mtu.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kwenda polisi, nao wangemfunga Kinyozi. Lakini yeye hakutaka afungwe. Chuki ilimpanda taratibu, ya baridi, kama maji yanavyopanda kwenye nguo iliyochovywa ncha. Akapeleka mdomo karibu na feni.

"Mume wangu," alinong'ona. "Kama upo, usije kwangu kulia. Nenda kwake."

Feni zote zikasimama.

Kisha zikaanza tena. Ila sasa zilizunguka kinyume. Upepo ulimjia usoni, na kutoka kwenye mashine ile inayochoma, ulikuwa upepo wa baridi.

Akachukua mfuko wake. Akatoka. Akamuaga shemeji yake kwa adabu.

Haukupita muda saluni ikaanza kukimbiwa. Mteja mmoja alitoka na nusu kichwa kimenyolewa, nusu msitu, akaapa kwamba mashine ya kunyolea imemsemesha sikioni. Mwingine alidai mikono ya Kinyozi inanuka nywele zilizoungua, hata akinawa. Watoto wakawa wanavuka barabara wakifika pale. Mshonaji aliyasikia yote akiwa kwenye cherehani. Alifurahi. Hakunificha hilo. "Nilikuwa nakula nikashiba," aliniambia, "kwa mara ya kwanza tangu nimzike."

Siku moja, jua la utosi, Kinyozi akasimama mlangoni kwake. Amekonda. Mwenyewe ndevu zimemwota ovyo.

"Shemeji, njoo umwambie anyamaze."

"Nani?"

Alitazama nyuma yake kwanza. "Umeme umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Plagi nimeichomoa kwa mkono wangu. Nayo inazunguka. Inaniuliza, shemeji. Kutwa inaniuliza."

"Inakuuliza nini?"

Kinyozi aliashiria saluni kwa kidevu.

Walikwenda pamoja. Mtaa ulikuwa kimya, kwa kuwa redio zote zimekufa. Saluni ilikuwa na joto la tanuri. Kinyozi alifunua pazia akabaki nyuma, na mshonaji akasimama pale pale mlangoni, hatua hakuongeza.

Plagi ilikuwa imelala sakafuni.

Feni zilikuwa zinazunguka.

Mwanzo alisikia mvumo tu. Kisha mvumo ukapata pumzi. Ukapata silabi. Ilikuwa sauti iliyomwamsha kila asubuhi tangu aolewe.

*Kaka, umezima?*

"Nimezima!" Kinyozi alilia. "Nimezima, mdogo wangu!"

*Kaka, umezima?*

Alipiga magoti mbele ya mshonaji. Alisema yote bila kuulizwa: mkasi, utepe, swichi aliyoiwekea mkono bila kuizima. Alisema shetani alimpitia. Alimshika miguu. "Nisamehe. Ukisema wewe, atakusikia. Neno moja tu, mama."

Mshonaji aliniambia kwamba neno lilikuwepo. Lilikuwa mdomoni, tayari. Angelitoa.

Hakulitoa.

"Mjibu yeye," alisema. "Mwambie ukweli."

Kinyozi akainuka. Akaigeukia mashine, akaisogelea. Sauti yake ilitoka ndogo, kama ya mtoto.

"Sikuzima."

Feni zikapunguza mwendo moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho ikasimama. Joto likatoka chumbani kana kwamba mtu amefungua dirisha. Kinyozi alingoja. Akavuta pumzi. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo, na mkono wake ukatafuta cha kuegemea.

Ukaishika fremu.

Mlio ulikuwa uleule.

Alisimama hivyo, kinywa wazi, na hakuanguka. Vijana waliokuja kumtoa walisema vidole vilikuwa vimefungwa kwenye chuma kama vimechomelewa. Umeme wa mtaa ulirudi jioni, wakati maiti imeshaondolewa.

Waliomwosha ni majirani zetu, si watu wa porojo. Walisema kiganja kilikuwa kimeungua, na hilo linaeleweka. Ila nyuma ya mkono ule ule kulikuwa na alama nyingine, juu ya vifundo. Vidole vinne na gumba. Kama vile alipoishika fremu, mtu alimfunika mkono kwa wake, akaukandamiza usiachie.

Niliwaambia mshonaji alikuwa mlangoni, kama alivyonieleza mwenyewe. Nami nilimwamini, na bado namwamini.

Lakini siku alipokuwa akihama, nilimsaidia kufunga mizigo. Alinipa mkono kuniaga, na kabla hajaurudisha niliugeuza kidogo kwenye mwanga. Hakukuwa na kidonda wala kovu. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Kiganja chake cha kulia hakikuwa na mstari hata mmoja.